Viatu vya Magurudumu: Anza na Mikono, Miguu Itafuata

Ombi la mtoto la kununuliwa viatu vya magurudumu huanza pabaya: huanza na viatu. Mtoto amewaona wenzake wakiteleza Sunken Car Park, yale maegesho ya magari katikati ya Nairobi ambayo Jumapili vijana huyageuza uwanja, au ameziona video kwenye simu ya dada yake, na tangu hapo nyumbani hakukaliki. Anavitaka vile vyenye taa kwenye magurudumu. Baba anauliza bei, anaguna, maneno yanaishia hapo. Baada ya siku chache mama anatumwa akaombe. Akirudi mikono mitupu, zamu ya shangazi inafika. Wajumbe wanabadilika, ombi halibadiliki, na ndiyo maana jibu nalo linabaki lilelile. Mzazi hajaletewa jambo jipya la kupima. Ameongezewa tu idadi ya wanaomsihi.

Wazazi wengi wanaokataa hawauchukii mchezo wenyewe. Wanalikataa ombi lisilo na mpango ndani yake. Mtoto anazungumzia raha, mzazi anawaza hospitali, ada ya shule na zile filimbi, magitaa na vitabu vya kuchora vilivyowahi kununuliwa kwa mbwembwe na sasa vinakula vumbi juu ya kabati. Wawili hawa hawabishani. Kila mmoja anazungumza habari yake. Ombi hilohilo likipangwa upya, vya kuukinga mwili vitangulie, kuazima kufuate, na viatu vije mwisho, mzazi hupata kitu anachoweza kukikubali hatua kwa hatua bila kujifunga. Mpangilio huo una faida nyingine kubwa kuliko kumridhisha mzazi: ndio mpangilio sahihi wa kuuanza mchezo wenyewe, hata kwa familia ambayo pesa haiisumbui.

Historia ya viatu hivi inaanza na mtu aliyewaza kwenda na akasahau kusimama. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1760 fundi John Joseph Merlin, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia London, aliingia kwenye karamu akiteleza kwa viatu vyenye magurudumu huku akipiga fidla. Hakuwa na namna ya kukata kona wala ya kufunga breki, akaenda kuvunja kioo kikubwa cha thamani na kujijeruhi vibaya. Ilipita karibu karne nzima kabla James Plimpton wa New York hajapata hataza, mwaka 1863, ya viatu vya magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, ambavyo mvaaji huvielekeza kwa kuulalia upande anaotaka kwenda. Mwaka 1980 kijana wa Minnesota, Scott Olson, mchezaji wa magongo ya barafuni, alianza kuuza vile vyenye magurudumu yaliyopangwa kwenye mstari mmoja, na kutokana na kazi yake ikazaliwa kampuni ya Rollerblade. Hizo aina mbili ndizo zinazouzwa mijini kwetu leo. Za mstari mmoja huwa na breki ya mpira nyuma ya kisigino, kwa kawaida mguu wa kulia. Za magurudumu manne huwa na kizuizi mbele ya vidole. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe ameufikiria mchezo kwa dhati anaweza kumuuliza swali moja tu: breki iko wapi, na inafanyaje kazi?

Hofu ya kwanza ya mzazi ni kuumia, na hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowachunguza watelezaji 161 waliofikishwa katika vyumba vya dharura vya hospitali za Marekani. Kiungo kilichoongoza kuumia kilikuwa kifundo cha mkono, asilimia 32 ya majeraha yote, na robo nzima ya majeraha ilikuwa mivunjiko ya kifundo hicho. Kichwa na magoti, ambavyo wengi wetu tungevitaja kwanza, vilikuwa nyuma. Watafiti walipowalinganisha waliovaa vikinga na wasiovaa, waliona kwamba uwezekano wa kuumia kifundo cha mkono kwa asiyevaa kikinga chake ulikuwa takriban mara 10 ya ule wa aliyevaa. Kwa kiwiko ulikuwa mara 9 na nusu. Kwa magoti idadi ya majeruhi haikutosha kutoa hukumu ya uhakika, na kwa helmeti pia hawakuweza kusema, kwa sababu walioumia kichwa walikuwa wachache mno kulinganishwa. Utafiti mmoja haumalizi kila swali, lakini kwa mzazi aliyesimama dukani unatoa mwelekeo ulio wazi: fedha ya kwanza iende mikononi.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Mtu anayepoteza mizani hutanguliza viganja bila kufikiri; mwili unajitetea kabla akili haijaamua. Kiganja kikigonga saruji kinakwama hapohapo, uzito wote wa mwili unaendelea kushuka, na mifupa ya mkono karibu na kifundo ndiyo inayobeba mshindo. Kikinga cha kifundo ni kitu kidogo sana: glavu isiyo na vidole, mikanda miwili au mitatu ya kunata, na kipande cha plastiki ngumu kilichopinda kidogo chini ya kiganja. Kipande hicho hufanya kazi mbili. Kwanza kinauzuia mkono usipinde kupita kiasi kwenda nyuma. Pili, kwa kuwa plastiki huteleza juu ya saruji, mkono haukwami. Unaserereka mbele na nguvu ya kuanguka inatawanyika. Ndiyo sababu walimu wa mchezo huu huanza na somo la kuanguka kabla ya somo la kwenda: magoti kwanza, kisha viganja, vidole vikiwa vimeinuliwa, juu ya nyasi. Mtoto anayelifanyia mazoezi somo hili sebuleni, bila viatu vyovyote vya magurudumu, amekwisha kuanza mchezo, na mzazi amekwisha kupata cha kutazama.

Helmeti ndicho kitu cha pili, ingawa ule utafiti wa 1996 haukuweza kuipima. Ushahidi wake unatoka kwa jirani yake wa karibu, baiskeli, ambako mapitio ya tafiti kadhaa yaliyofanywa chini ya taasisi ya Cochrane yalionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya majeraha ya kichwa na ubongo kwa waendeshaji walioanguka au kugongwa kwa kati ya asilimia 63 na 88. Mwaka 2020 Sky Brown, Mwingereza anayecheza ubao wa magurudumu, aliporomoka mazoezini kutoka juu, akapasuka fuvu na kuvunjika mkono. Alikuwa amevaa helmeti, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 13, alishinda medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Tokyo. Huyo ni mtoto aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wa dunia, asiyeanguka hayupo. Anayeanza hawezi kudai kwamba helmeti ni ya waoga.

Hapa pana tahadhari kwa wanunuzi wa mitumba, maana helmeti nyingi nzuri zinapatikana katika masoko kama Gikomba, Kongowea au Karume kwa bei nafuu kuliko dukani. Ipindue uangalie ndani. Chini ya kitambaa kuna povu gumu, la aina ileile inayofungia televisheni mpya ndani ya boksi. Povu hilo ndilo linalofanya kazi. Ganda la nje ni la kulishikilia tu. Povu likiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, au likiwa limebonyea mahali, helmeti hiyo imekwisha kuanguka na mwenyewe wa kwanza, na haitamlinda wa pili. Iache. Ikiwa nzima, mvalishe mtoto: ikae sawasawa, ukingo wake uwe vidole viwili juu ya nyusi, mkanda uwe umebana kiasi cha kidole kimoja kupita chini ya kidevu, na akitikisa kichwa isicheze. Helmeti ya bodaboda haifai badala yake. Ni nzito kwa shingo ya mtoto, na iliyotengenezwa kwa kichwa cha mtu mzima humwangukia machoni.

Vikinga vya vifundo, viwiko na magoti pamoja na helmeti kwa kawaida hugharimu pungufu ya viatu vyenyewe, na tofauti na viatu, havipotezi kazi mtoto akibadili mawazo. Helmeti ya aina hiyo itamfaa kwenye baiskeli. Vikinga vitamfaa mdogo wake, au jirani, au vitauzwa. Kwa hiyo mzazi anayeanza na kinga ameweka fedha yake mahali salama kuliko anayeanza na viatu. Ameweka pia mtihani mzuri kuliko kiapo chochote. Mtoto anayekubali kupewa vikinga kabla ya viatu, akavivaa, akavitunza na kusubiri viatu, ameonyesha kwamba anautaka mchezo. Anayevitupa kitandani kwa sababu havina taa ameonyesha alichokuwa anakitaka.

Hofu ya pili ni ya kutupa fedha: ataacha baada ya wiki mbili. Wazazi hawajaibuni hofu hii; watoto wenyewe wameijenga. Kuahidi kwamba safari hii ni tofauti hakuiondoi, kwa sababu ahadi ya mwaka jana ilisemwa kwa maneno hayohayo. Kinachoiondoa ni kuuanza mchezo kabla ya kununua. Sehemu nyingi ambako watelezaji hukutana kuna anayekodisha viatu kwa saa, na palipo na kundi la mazoezi hapakosekani jozi ya kuazimana. Mchezo wa ubao wa magurudumu, ndugu wa mchezo huu, umekua Afrika Mashariki kwa njia hiyohiyo. Huko Kitintale, mtaa wa Kampala, vijana walijenga uwanja wao kuanzia mwaka 2006, ukahesabiwa kuwa wa kwanza Uganda, na watoto wa mtaa wakajifunza kwa mbao za kushirikiana, nyingi zikiwa za msaada. Hakuna mzazi wa Kitintale aliyelazimika kununua ubao ili ajue kama mwanawe atadumu. Nani alirudi Jumamosi ya pili na ya kumi, hilo kila mtu aliliona.

Julius Yego ni mfano wa mbali zaidi. Alikulia Nandi, Kenya, nchi inayowaza mbio, akitaka kurusha mkuki. Alianza kwa kurusha vijiti vya kuchonga, akajifunza mbinu kwa kutazama video za mabingwa kwenye intaneti, akaanza kushinda nyumbani, na baada ya hapo ndipo milango ya makocha na vifaa vya kisasa ilipomfungukia. Mwaka 2015 huko Beijing alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Mtu anaweza kuisoma hadithi hii vibaya na kusema: kumbe vifaa havina maana, mwenye kipaji atapenya tu. Kwa vijiti pekee Yego asingefika mita 92. Funzo lililomo ni la mfuatano: bidii ilionekana kwanza, kwa kile kilichokuwepo, kisha vifaa vikaifuata. Mzazi hahitaji kuamini kwamba mwanawe ni bingwa ajaye ili atumie utaratibu huo. Anachohitaji ni miezi miwili ya kumwona akihudhuria kwa viatu vya kukodi.

Miezi hiyo ikipita na hamu bado ipo, zamu ya viatu imefika, na hapa ndipo desturi yetu njema ya kubana matumizi inapoweza kuleta madhara. Wengi wetu tulivalishwa viatu vya shule vilivyozidi saizi, gazeti likajazwa mbele, ili tukue navyo. Kwa viatu vya magurudumu jambo hilo ni hatari. Mguu ukicheza ndani ya kiatu, kifundo hulala upande, magurudumu hayafuati mguu unapotaka, na mtoto huanguka kwa kosa ambalo si lake. Abebe Bikila wa Ethiopia anakumbukwa kwa kushinda mbio za marathoni za Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, na wapo wanaomtaja kila mtoto anapoomba viatu. Wanasahau kwamba aliviacha viatu alivyopewa kwa sababu havikumkaa vizuri miguuni. Miaka minne baadaye, huko Tokyo, alikimbia akiwa na viatu vilivyomfaa, akashinda tena, na muda wake ulikuwa bora kwa dakika tatu. Bikila anathibitisha kwamba kiatu kisichokutosha ni kibaya kuliko kukosa kiatu, basi.

Dawa ya tatizo la kukua ipo na inauzwa: viatu vya kurefushwa, ambavyo kwa kubonyeza kitufe pembeni au chini hujivuta saizi tatu au nne mbele. Mtoto mmoja anaweza kuvitumia miaka miwili au zaidi. Vikiwa vya mtumba, vikague kwa vidole. Zungusha kila gurudumu: lizunguke kwa muda bila kukwaruza wala kusimama ghafla, likikwaruza, beringi zake zina mchanga au kutu, na gharama ya kuzibadilisha uiongeze kwenye bei kabla ya kukubaliana. Tazama umbo la gurudumu: likilika upande mmoja na kuwa mshazari, litamvuta mtoto upande. Shika sehemu ya juu ya kiatu, pale kinapozunguka kifundo cha mguu, uibane. Ikikunjika kirahisi, kiatu hicho ni kitu cha kuchezea tu, hata kama kina taa. Mwisho angalia breki: mpira wake ukiwa umeisha, usikubali kuambiwa kwamba utanunuliwa baadaye. Magurudumu yanayowaka hayaongezi usalama wala ustadi, ila mtoto aliyepita hatua zote za nyuma anastahili kuchagua rangi.

Hofu ya tatu ni masomo, na wanaoipuuza hawaishi na watoto wa mtihani. Mchezo mpya unakula muda, na muda wa jioni wa mtoto wa shule ni mfupi. Hata hivyo mzani una pande mbili. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linataka mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoutoa mwili jasho, na takwimu za kimataifa za mwaka 2016 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Kwa wengi wao, mchezo haujachukua nafasi ya kitabu. Simu ndiyo iliyochukua nafasi ya vyote viwili. Nchini Kenya mtaala wa umilisi umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, pamoja na sayansi na hisabati, na sayansi za jamii. Hilo halimfanyi kila mtelezaji kuwa mwanafunzi wa njia hiyo, na mtoto asilitumie kumtisha mzazi. Linatosha kuondoa dhana kwamba saa ya mchezo ni saa iliyoibwa. Utaratibu wa haki ni kupanga siku na saa tangu mwanzo, mwishoni mwa wiki kwa mfano, na mtoto ajue kwamba kazi za shule zikilegea, viatu vinapumzika hadi zirekebishwe.

Kwa wasichana, hasa wa familia za Kiislamu za mwambao, kuna kizuizi kingine ambacho mara nyingi hakisemwi wazi: stara. Mzazi anaweza kusema ni bei kumbe ni mavazi. Kaskazini mwa Unguja, huko Nungwi, mradi wa Panje ulikumbana na jambo hilo ulipotaka kuwafundisha wasichana kuogelea. Watoto wa kike wa kisiwani walikua wakiitazama bahari wasiyoweza kuiingia, na wazazi walikuwa na sababu zao za dini na desturi. Kilichofungua njia ni walimu wanawake pamoja na vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima na nywele. Wazazi hawakuambiwa waache imani yao wala hawakukaripiwa kwa kubaki nyuma. Pingamizi lao lilisikilizwa, likajibiwa kwa kifaa. Viatu vya magurudumu vinaruhusu jibu la namna hiyo kwa urahisi zaidi. Suruali pana iliyobana kwenye vifundo vya miguu, shati la mikono mirefu, hijabu fupi iliyofungwa vizuri na kuvaliwa helmeti juu yake, saa maalumu ya wasichana palipo na uwezekano. Buibui na mtandio unaoning'inia viachwe nyumbani, maana kitambaa kikiingia kwenye gurudumu kinamwangusha mvaaji papo hapo.

Lipo pingamizi zito kuliko yote hayo: kwamba mazungumzo haya ni ya wenye nacho. Ni kweli kwa kiasi chake. Familia inayochagua kati ya ada na viatu vya magurudumu haina cha kuchagua, na mtoto anayejua hivyo akaendelea kusumbua anahitaji kuelezwa hali ya nyumbani kwa ukweli, kwa lugha ya umri wake. Ila familia nyingi ziko katikati. Zinaweza kutenga kidogo kila mwezi lakini haziwezi kutoa kwa mkupuo, na kwa hizo mpango wa hatua una maana zaidi kuliko kwa tajiri. Mwezi huu vikinga vya mikono, mwezi ujao helmeti ya mtumba, kisha saa chache za kukodi, na viatu mwishoni mwa muhula. Mtoto naye aingie kwenye hesabu, kwa fedha ya sikukuu aliyoiweka akiba au kwa kukubali kwamba hiyo ndiyo zawadi yake ya mwaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwa mtoto kunaonekana.

Pesa haimwokoi mtu na kosa la upande wa pili. Wapo wazazi ambao, mtoto akitamka tu jina la mchezo, hununua kila kitu siku hiyohiyo, cha bei ya juu, pamoja na mwalimu wa kulipwa. Wanadhani wanampa moyo. Mara nyingi wanampa deni: sasa hawezi kusema kwamba mchezo haukumpendeza, kwa sababu kila akivitazama viatu anaiona bei. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilishauri mtoto ajaribu michezo mbalimbali na acheleweshe kujifunga kwenye mchezo mmoja hadi apate walau miaka 15 au 16, kwa ajili ya mwili wake na kwa ajili ya kutochoka mapema. Anayefuata ushauri huo lazima afanye kuingia na kutoka mchezoni kuwe rahisi, na kifaa cha bei kubwa kinaufunga mlango wa kutokea.

Jambo moja halina hatua wala mjadala: mahali. Hakuna kikinga kinachomlinda mtoto na matatu, daladala au lori. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na ile tabia ya baadhi ya vijana ya kujishikiza nyuma ya gari ili wavutwe hugeuza mchezo kuwa kamari. Mtoto asiyeweza kutaja mahali salama pa kutelezea, pasipo magari, penye saruji laini na mtu mzima wa kutazama, hajamaliza kuandaa ombi lake, na mzazi ana haki ya kusubiri mpaka alimalize. Kama mtaani hapapatikani mahali hapo, suala si la baba huyo tena. Ni la shule kufungua uwanja wake Jumamosi na la diwani kuulizwa habari za maeneo ya wazi.

Kwa hiyo mtoto anayekwenda kwa baba au mama aende na maelezo haya: wapi atacheza, nani atakuwepo, siku gani, nini kitanunuliwa kwanza, na nini kitafanyika akiacha. Swali hilo la mwisho ndilo linalotofautisha mpango na ndoto, na wengi hulikwepa wakidhani linaonyesha udhaifu. Tuseme ameacha kweli, mwezi wa tatu. Viatu havijanunuliwa, au vimenunuliwa vya kurefushwa na vina mnunuzi. Helmeti imehamia kwenye baiskeli. Amejifunza kuanguka bila kuvunjika mkono, na hilo litamsaidia hata akiteleza bafuni. Mzazi amepoteza kidogo, tena kwa kujua, na ombi la mchezo ujao litakapofika atakuwa na sababu ya kulisikiliza, kwa sababu la kwanza lililetwa kwa ukweli. Naye aliyeendelea hadi mwisho wa muhula hatahitaji kumtuma shangazi.